Mtu Hujidanganya Kwanza



Katika mji wa Baghdad aliishi mwanachuoni mkubwa aitwaye Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, sawa na mwaka 597 wa Hijra. Mwanachuoni huyu aliandika vitabu vingi vya elimu nzito, walakini hakuona haya kuandika kitabu kizima juu ya wapumbavu na watu walioghafilika. Aliandika pia kitabu kingine juu ya watu wenye akili. Vitabu vyote viwili vimeishi zaidi ya miaka mia nane, wala si ajabu. Mtu akifungua kitabu cha wenye akili hujitafuta mwenyewe humo, na akifungua kitabu cha wapumbavu humtafuta jirani yake.

Hapo ndipo penye siri ya upumbavu wa mwanadamu. Ujinga ni jambo jingine, maana asiyejua akifundishwa hujua, na ujinga wake huondoka. Upumbavu hukaa kwa yule ajuaye, akayafumbia macho ayajuayo kwa sababu hayampendezi. Watu hulalamika kwamba dunia imejaa matapeli, na neno hilo ni kweli. Walakini tapeli hawezi kitu mpaka mtu awe amekwisha jidanganya mwenyewe. Tapeli huja nyuma, kama mgeni aliyekuta mlango wazi na kiti kimekwisha wekwa.

Maisha ya kila siku yamejaa ushahidi wa jambo hili. Mtu huisogeza saa yake mbele kwa dakika kumi ili asichelewe kazini. Kila akiitazama hukumbuka kwamba saa iko mbele kwa dakika kumi, akaagiza chai ya pili. Amejiwekea mtego, na papo hapo amejifundisha njia ya kuuruka.

Mwingine huenda kwa mzee kuomba shauri. Mzee akimwambia lile alilokwisha kuliamua, hutoka akisifu busara za wazee. Mzee akimwambia kinyume chake, husema njiani kwamba masikini mzee yule, siku hizi akili imechoka. Mtu huyo alikwenda kutafuta shahidi, naye akajiita mwenye kutafuta shauri.

Sokoni mtu hushindana na mchuuzi wa nyanya nusu saa nzima kwa ajili ya senti chache, akaondoka amekasirika kwamba ameibiwa. Jioni, mtu huyo huyo humkabidhi mgeni akiba yake ya miaka miwili, bila ya hati wala shahidi, kwa kuwa mgeni alivaa suti na alizungumza taratibu. Nyanya zilipimwa kwa mizani. Mgeni hakupimwa kwa lo lote.

Baba humwoza binti yake kwa karamu ya siku tatu, na deni la karamu likakaa naye miaka mitatu. Akiulizwa sababu, hujibu: "Watu watasemaje?" Watu hao walikula pilau, wakasema nyama ilikuwa ngumu, wakaenda zao. Mwenye kukopa ili asifiwe hupata hasara mara mbili: deni hukaa kwake, na sifa hazikai kwa mtu ye yote.

Hata kifo hakiponi. Mgonjwa hulala miezi sita, na wa kumjulia hali wakahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku akifa, njia ya nyumbani kwake haipitiki. Ndugu aliyekosa fedha ya dawa hupata fedha ya kununua ng'ombe wa kulisha waombolezaji. Sifa zote za marehemu hutolewa siku ile ambayo masikio yake hayasikii tena, na wanaozisikia ni wale wanaotumaini kusifiwa vivyo hivyo.

Katika mifano yote hiyo mna mambo mawili: tamaa ya kupata, na hofu ya kuonekana duni mbele ya watu. Tamaa humsukuma mtu mbele, na hofu humzuia kurudi nyuma. Yakikutana katika mambo madogo, hasara yake ni chai ya pili na nyama ngumu. Yakikutana katika fedha, nyumba huuzwa.

Mwaka 1920, katika mji wa Boston huko Marekani, alisifika mtu mmoja aitwaye Charles Ponzi, mzaliwa wa Italia. Alitangaza kwamba ye yote atakayemkabidhi fedha atarudishiwa baada ya siku 45 pamoja na faida ya nusu yake, yaani dola 100 zitarudi 150. Alieleza kwamba katika nchi nyingine hununua kwa bei ndogo hati za posta zinazobadilishwa kwa stempu, na kwamba hati hizo zikifika Marekani huwa na thamani kubwa zaidi. Maelezo hayo yalikuwa na harufu ya elimu, na watu hulipenda sana jambo wasilolifahamu likisemwa na mtu asiyesitasita.

Watu wa kwanza walilipwa, na akili ya mji ikaishia hapo. Hapana aliyeuliza fedha zile zilitoka wapi, nazo zilitoka mifukoni mwa watu waliokuja nyuma yao. Mvuvi hamnyimi samaki chambo. Wengi katika waliostahili kulipwa hawakuchukua kitu. Waliziacha fedha zao zizidi kuzaa. Maelfu ya watu wakajipanga mstari kutoa akiba zao, na polisi walikuwa miongoni mwao.

Clarence Barron, bingwa wa habari za fedha, alifanya hesabu nyepesi. Ili biashara ile iwe ya kweli zingehitajika hati za posta zipatazo milioni 160, na zilizokuwa zikizunguka zilikuwa kiasi cha 27,000 tu. Gazeti la Boston Post likazichapa habari hizo, na watu wakakimbilia ofisini kwa Ponzi kudai chao. Ponzi akatoka nje akitabasamu, akaamuru wagawiwe kahawa na maandazi, na waliodai akawalipa. Wengi waliokuwa katika mstari ule wakatulia mioyo yao, wakarudi nyumbani bila ya kuchukua chao. Hesabu ya bingwa ikashindwa na kikombe cha kahawa.

Mwezi wa Agosti gazeti lile likafichua kwamba Ponzi alikwisha kufungwa zamani katika mji wa Montreal, Kanada, kwa kosa la kughushi hundi. Mwezi huo huo akakamatwa. Habari ya kifungo chake ilikuwako miaka yote ile, ila watu waliompa fedha zao hawakuitafuta. Hivyo ndivyo alivyo mwanadamu. Akiposewa binti yake huuliza nasaba ya mposaji mpaka babu wa tatu. Akitakiwa mali yake huridhika na tabasamu. Ponzi mwenyewe alifariki maskini katika mji wa Rio de Janeiro mwaka 1949, walakini mchezo wake haukuzikwa pamoja naye.

Asaa mtu aseme kwamba watu wale hawakujua hesabu. Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa shule. Mwaka mmoja una vipindi vinane vya siku 45. Mwenye kuweka 100 kwa faida ya nusu katika kila kipindi, akaziacha zizae, atakuwa na zaidi ya 2,500 mwisho wa mwaka wa kwanza, zaidi ya 65,000 mwisho wa mwaka wa pili, na zaidi ya 1,680,000 mwisho wa mwaka wa tatu. Mtu mwenye ujuzi wa kuigeuza mia moja kuwa milioni kwa miaka mitatu, ana haja gani na akiba ya mjane? Angekopa mia moja, akajifungia ndani akanyamaza, kisha akatoka akaununua mji na wajane wake wote wakawa wapangaji wake.

Yako madanganyo mengine ambayo kila aingiaye hutakiwa kuleta watu kumi. Kumi huleta mia, mia huleta elfu, elfu huleta elfu kumi. Katika hatua ya kumi hutakiwa watu bilioni 10, na walimwengu wote leo ni kiasi cha bilioni 8, pamoja na watoto wachanga wasio na mfuko. Mchezo kama huo lazima ukatike, na po pote utakapokatikia, kiasi cha watu tisa katika kila kumi watakuwa katika safu ya mwisho, ambayo nyuma yake hakuna mtu wa kuilipa. Kila aingiaye hulijua jambo hili moyoni. Hujiambia kwamba mchezo utakatika baada yake. Mtu huyo amekubali kwamba kuna watakaolia. Alilokataa ni kwamba yeye ni mmoja wao.

Wala elimu kubwa haikumkinga mtu aliyekuwa na elimu kupita wengi. Isaac Newton, bingwa wa hesabu wa Uingereza, alikuwa mkuu wa kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Mwaka 1720 hisa za kampuni ya South Sea zilipanda bei kama moshi. Newton alikuwa nazo, akaziuza mapema, akapata faida nzuri. Lau angelala usingizi mwaka ule uliobaki angeamka tajiri zaidi. Walakini bei ikaendelea kupanda bila ya yeye, akarudi akanunua tena kwa bei kubwa, na hisa zilipoanguka akapoteza maelfu ya pauni. Aliyeweza kuhesabu mwendo wa sayari mbinguni alishindwa kukaa kitako akiwatazama wengine wakitajirika. Njaa ni mtihani mzito, lakini utajiri wa jirani ni mtihani mzito zaidi, maana mwenye njaa hutosheka akila.

Yaliyompata mtu mmoja huweza kuipata nchi nzima. Albania ni nchi ndogo ya Ulaya, ambayo wakati ule ilikuwa na watu wapatao milioni tatu. Katika mwaka 1996 watu wake waliuza nyumba na mifugo wakaweka fedha katika makampuni yaliyoahidi faida za ajabu. Mapema mwaka 1997 makampuni hayo yakaanguka. Madeni yake yalifikia kiasi cha dola bilioni 1.2, karibu na nusu ya pato la nchi la mwaka mzima. Ghasia zikazuka, silaha zikatoka katika maghala, na watu wapatao 2,000 wakapoteza maisha. Mchezo ulioanza kwa tabasamu la karani ukaishia makaburini.

Wala Afrika ya Mashariki haikusalimika. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha mchezo wa fedha ulioitwa DECI, uliokuwa umeenea kwa watu wengi. Katika mchezo ule kuweka fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Maneno yalikuwa matamu, tena ya wakulima. Lakini mkulima ajua kwamba mbegu huzaa kwa udongo, mvua na jembe, na katika shamba lile hapakuwa na udongo, wala mvua, wala jembe. Wazee walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Faida isiyokuwa na fundi wake ni mali ya mtu mwingine iliyobadilishwa jina.

Isije ikadhaniwa kwamba upatu wa kina mama ni jambo la namna moja na hayo. Upatu wa kweli hesabu yake ni safi. Watu kumi wakitoa 10,000 kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea 100,000. Miezi kumi ikitimia, kila mmoja ametoa 100,000 na amepokea 100,000. Hapana aliyeahidiwa zaidi ya alichotoa, na hapana aliyedhulumiwa. Faida yao ni kwamba fedha iliyotawanyika ilikusanyika, ikanunua cherehani, au bati la nyumba, au karo ya mtoto. Siku mtu atakapokuja na upatu ambao kila mmoja hupokea zaidi ya alichotoa, na aulizwe nani katika duara hupokea pungufu. Akijibu kwamba hayupo, basi aliyepo ndiye anayeuliza.

Siku hizi tapeli hana haja ya ofisi wala kahawa. Humwandikia mtu kwa simu ya mkononi kwamba ameshinda bahati nasibu, na kwamba atume ada ndogo apate kutumiwa ushindi wake. Mtu huyo hakununua tiketi maishani mwake. Yajua akili yake kwamba asiyepanda mashua hawezi kufika ng'ambo. Walakini moyo humnong'oneza: "Huenda walikuona." Ndipo anapokopa ada hiyo kwa jirani, wala hamwambii jirani ni ya nini, kwa hofu kwamba jirani ataomba mgawo. Hofu hiyo humnyima rafiki wa pekee ambaye angalimcheka mapema, kicheko kikawa cha bure.

Liko jambo moja zaidi, na hili ndilo lililo zito. Mwenye hila hapendi kuanzia kwa watu wasioaminiana, maana huko kila mtu hudai risiti. Hupenda mahali penye udugu: jumuiya, ukoo, watu wa ofisi moja, watu wa ibada moja. Huanza na mzee anayeheshimiwa, akamlipa mapema tena hadharani, na mzee yule kwa nia njema akawaambia wengine. Tangu hapo tapeli hana kazi ya kusema. Kila mmoja humleta ndugu yake, kwa mapenzi, ili naye asipitwe na kheri. Ndiyo maana hasara yake haihesabiki kwa fedha peke yake. Aliyeibiwa ng'ombe hupiga ukelele, kijiji kikatoka. Aliyetapeliwa hufunga mlango, kwa kuwa akipiga ukelele atajulikana mpumbavu, na pia kwa kuwa aliyemwingiza ni shemeji yake. Shemeji hawaamkiani, dada wawili hawaketi pamoja siku ya Idi, na watoto wao hukua wakisikia nusu ya kisa. Fedha iliyopotea huweza kupatikana kwa kazi ya miaka michache. Udugu ulioharibika kwa jambo kama hilo aghalabu huzikwa na wenyewe. Na ukimya wa waliotapeliwa humfaa tapeli kuliko ufasaha wake, maana kila anyamazaye humwachia mji wa pili ambao haujamjua.

Dawa yake haihitaji chuo. Mtu aletewapo ahadi ya faida na aulize maswali matatu. La kwanza: faida hii inazalishwa na kitu gani, kwa kazi ya nani? Jibu likiwa refu kuliko swali mara kumi, na asimame. La pili: ni nani amjuaye mtu huyu kabla ya mwaka huu, na katika mji gani? La tatu: kwa nini lazima iwe leo? Biashara njema huweza kungoja mpaka kesho. Hila haiwezi, kwa kuwa kesho mtu huwa amelala, amekula, na amezungumza na mkewe. Tena na alieleze shauri hilo kwa sauti, mbele ya watu wawili wasiokuwa na sehemu humo. Liko jambo ambalo kichwani huonekana hekima, na likitoka mdomoni msemaji mwenyewe huanza kucheka.

Ama aliyekwisha kudanganywa, na aseme. Aliyesema kweli juu ya hasara yake huchekwa siku moja, na kwa kicheko hicho huziokoa nyumba nyingi. Watu wanaomcheka wafahamu kwamba bingwa wa hesabu wa Uingereza alimtangulia, na kwamba mlango ule haujafungwa bado.

Hotuba ya namna hii ina ugonjwa wake mmoja. Wasikilizaji wakitoka, kila mmoja atasikitika kwamba fulani hakuhudhuria, maana maneno yalikuwa yake hasa. Fulani naye akisimuliwa atamtaja mwingine, na yule mwingine atamtaja wa tatu, mpaka hotuba imezunguka mji mzima isipate wa kuipokea. Basi anayetaka faida ya maneno haya asiyapeleke kwa fulani usiku huu. Na ayafikishe kwanza nyumbani kwake, avue viatu, aketi, na atazame saa yake iko mbele kwa dakika ngapi.